Waya wa Ardhini: Shaba, Alumini au Chuma?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua wengi wenu mlipofungua ukurasa huu mlitarajia shairi ama hadithi ya Sungura na Fisi. Leo nimewaletea waya. Naam, waya! Tena si zile nyaya zinazopita juu ya vichwa vyetu tukija shuleni asubuhi, bali ule mmoja unaoteremka kando ya nguzo ya stima na kuingia mchangani, ambao watu hufunga mbuzi hapo bila kujiuliza ni wa nini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni transfoma ya sokoni kwetu. Sisi wa upande huu wa Kakamega radi tunaijua. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma, hata mtoto wa chekechea anajua kukimbia kutoka chini ya mti. Basi mwezi wa Machi 2025 mtu asiyejulikana alikata waya wa shaba ulioshuka kutoka kwenye transfoma ile akaenda nao. Hakuna aliyeona tofauti. Taa ziliwaka, kisiagi kilisaga, redio ya kinyozi iliimba kama kawaida. Huo ndio ubaya wa waya wa ardhini. Ukiwapo huuoni ukifanya kazi, na usipokuwapo pia huoni kitu, mpaka siku ya siku.

Siku yenyewe ilifika mwishoni mwa Aprili, jioni ya mvua. Radi ilipiga laini karibu na soko. Tulisikia mlipuko, tukaona mwali wa samawati juu ya nguzo, halafu giza totoro. Televisheni ya jirani ilitoa moshi. Redio ya kukhu wangu, ambayo aliinunua kwa pesa za kuku, iliungua ikanuka chumba kizima. Transfoma nayo ikafa. Tulikaa wiki tano bila stima. Mimi mtihani wa kufungua muhula wa pili niliusomea kwa koroboi, macho yakawa mekundu kama ya mvuta bangi, na mama alikuwa akibeba gorogoro nne za mahindi kilomita sita kufika kwenye kisiagi cha dizeli.

Mafundi walipokuja kuweka transfoma mpya nilikuwa pale nikitazama. Walikuwa wakishusha waya mwingine wa shaba, unang'aa kama pete. Nikamuuliza mmoja wao, mzee mwenye mvi kidogo, "Fundi, shikamoo. Kwa nini msitumie chuma? Hiyo shaba si itaibwa tena?" Alicheka. "Marahaba. Kijana, nenda ukamuulize mwalimu wako wa Fizikia. Halafu uje uniambie umepata nini."

Basi nikaenda. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata, kwa mwalimu, kwa vitabu, kwa mikebe minne ya mafuta ya kupikia, na baadaye kwa mtu mmoja ambaye sikutarajia anifundishe chochote.

Kwanza tuelewane waya huu hufanya kazi gani. Radi ikipiga laini, stima nyingi mno hutafuta njia ya kufika ardhini. Kwenye transfoma kuna vidude vyenye umbo la vikombe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo kazi yake ni kuifungulia radi mlango. Mlango ukifunguliwa, radi huteremka kwa waya na kuzama udongoni. Sasa kama waya umekatwa, mlango unafunguka kuelekea wapi? Radi itapita ndani ya transfoma yenyewe, na kwenye nyaya za nyumba, na kwenye redio ya kukhu. Kazi nyingine ni pale waya wenye stima unapokatika au kugusa bati la transfoma. Mkondo ukipata njia nzuri ya kwenda ardhini unakuwa mkubwa, fyuzi inakatika, hatari inaisha. Ukikosa njia nzuri, bati linabaki na stima, linangoja mkono wa mtu.

Pengine utauliza, ardhi nayo inapitishaje umeme, nayo ni udongo tu? Mjerumani Carl August Steinheil alionyesha mwaka wa 1838 kwamba telegrafu haihitaji nyaya mbili. Waya mmoja unatosha na ardhi inakuwa njia ya kurudi. Udongo ni kipitishi hafifu sana, lakini ni mpana. Wanafunzi wa kidato cha tatu mnajua kwamba ukinzani wa kitu huongezeka kikiwa kirefu na hupungua kikiwa kinene. Sasa niambie unene wa ardhi ni kiasi gani!

Turudi kwa shaba. Mwaka wa 1913 wataalamu wa umeme wa kimataifa walikubaliana kuipa shaba laini alama 100 ya kupitisha umeme, kisha madini mengine yapimwe nayo. Fedha inaipita kidogo, lakini nani ataning'iniza fedha kwenye nguzo? Alumini inapata 61. Chuma cha pua hutegemea kilivyochanganywa. Nitakipa 12, na kuna vingine vinapata chini ya hapo. Ukisomea hapo tu utasema mjadala umekwisha, shaba ndiyo mshindi. Mimi nilisema hivyo hivyo. Mwalimu akaniambia, "Usiniletee alama. Niletee omu."

Nikachukua waya wa mita 10, yaani urefu wa nguzo hivi, wenye unene wa milimita mraba 16. Nikauhesabia ukinzani. Wa shaba ulikuwa omu 0.011. Wa alumini omu 0.018. Wa chuma omu 0.094. Chuma kimeshindwa karibu mara tisa, sivyo? Ndipo mwalimu akaniuliza swali lililonikosesha usingizi: "Na udongo una omu ngapi?"

Mwishoni mwa waya kuna fimbo iliyopigwa nyundo hadi ikazama ardhini. Mwalimu alinipa njia ya kuhesabu ukinzani kati ya fimbo na udongo. Kwa fimbo ya mita moja na nusu, nene milimita 16, katika udongo wa wastani wenye unyevu, jibu ni karibu omu 60. Sitini! Sasa jumlisha. Njia nzima kwa waya wa shaba ni omu 60.011. Kwa waya wa chuma ni omu 60.094. Wenzangu, hii ni sawa na watu wawili wanaoshindana kwenda Nairobi kwa miguu, mmoja akajisifu kwamba yeye alitoka mlangoni kwa hatua moja na mwenzake kwa hatua tisa.

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Nilikuwa nimedhani swali ni la kipitishi gani ni bora, kumbe kipitishi kilicho hafifu kuliko vyote katika safari ile ni udongo wetu wenyewe. Na omu 60 si mchezo. Chukua stima ya nyumbani ya volti 240 iguse fimbo ile: 240 ukigawanya kwa 60 unapata ampea 4. Pasi ya kupigia nguo hutumia mkondo kama huo. Fyuzi ya ampea 30 haitashtuka hata kidogo, itadhani mtu anapiga pasi. Na kwenye laini ya volti 11,000, ambapo kila waya una karibu volti 6,350 kutoka ardhini, utapata kama ampea 106. Fyuzi ndogo ya transfoma itakatika. Lakini Januari, udongo ukikauka ukapasuka, ukinzani unaweza kupanda mara kadhaa, na mkondo unapungua vivyo hivyo.

Kwa hivyo kabla hujagombana juu ya shaba na chuma, shughulikia fimbo. Nilidhani fimbo nene ndiyo dawa. Nikahesabu ya unene maradufu: omu 60 zikashuka hadi 52 tu. Halafu nikahesabu ya unene ule ule lakini urefu maradufu, mita tatu: omu zikashuka hadi 33 au 34. Kwenda chini kunalipa kuliko kunenepa, maana huko chini kuna unyevu pia, ambao hesabu yangu haikuuweka. Fimbo mbili zilizoachana vizuri, angalau kwa urefu wa fimbo moja, hupunguza ukinzani karibu nusu. Zikikaa pamoja kama mapacha, haziongezi mengi, kwa kuwa zinagombea udongo mmoja.

Naomba nitoe neno dogo la kando kuhusu ng'ombe. Tumesikia mara nyingi radi imepiga mti, ng'ombe aliyesimama karibu akafa na mchungaji akapona, watu wakaanza kunong'ona kuhusu uchawi. Mkondo ukiingia ardhini husambaa kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini, na volti hupungua kadiri unavyokwenda mbali na mahali ulipoingilia. Miguu ya mbele ya ng'ombe na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja, kwa hiyo kati yake kuna tofauti kubwa ya volti, na njia ya mkondo inapita moyoni. Wewe ukisimama miguu pamoja tofauti ni ndogo. Ndiyo sababu mtu akiona waya umeanguka hashauriwi kutimua mbio kwa hatua ndefu. Aondoke kwa vihatua vidogo vidogo, miguu ikigusana, hata akichekwa.

Tuendelee. Je, joto? Hapa chuma kina kesi ya kujibu. Nilichukua nyaya zangu tatu nikazipitishia, kwenye karatasi, ampea 1,000 kwa sekunde moja, nikatumia hesabu za joto za kidato cha tatu bila kujali joto linalopotea hewani. Shaba ilipanda nyuzi 20 hivi. Alumini ilipanda 45. Chuma kilipanda 162. Ukifanya ampea ziwe 3,000, joto linakuwa mara tisa: shaba nyuzi 175, alumini 400 na zaidi, na chuma kingekuwa zaidi ya 1,450, yaani karibu kuyeyuka. Kwenye vituo vikubwa vya stima, ambako fimbo ni nyingi zimeunganishwa na ukinzani wa ardhi umeshushwa hadi omu moja au chini, mikondo kama hiyo ipo kweli, na ndiyo maana huko shaba inapendwa. Lakini kwenye nguzo yetu ya sokoni, ambapo udongo wenyewe hauruhusu zaidi ya ampea mia na kitu, chuma kingepanda nyuzi mbili. Mbili! Chai ikimwagika juu yake ingekipasha zaidi.

Isitoshe, chuma kinaweza kunenepeshwa. Ukichukua waya wa chuma wa milimita mraba 50 badala ya 16, zile ampea 1,000 zinaupandisha nyuzi 17, chini hata ya shaba nyembamba. Utakuwa mzito, karibu kilo nne mahali pa kilo moja na nusu ya shaba. Nani anajali uzito wa waya uliopigiliwa misumari kwenye nguzo? Bei ndiyo watu wanayoijali, na mwezi wa Mei 2024 tani moja ya shaba ilipita dola 10,000 katika soko la London.

Kuhusu radi, ampea 30,000 ni kawaida kwake, lakini mshindo wake mkubwa hauchukui hata sehemu ya elfu ya sekunde, kwa hiyo hauna muda wa kupasha waya wa kawaida joto. Kinachoisumbua radi ni kona. Mkondo unaopanda ghafla namna ile huchukia kupindishwa. Nimeona mahali waya uliobaki umekunjwa duara kama springi ya kitanda, kazi inaonekana safi, kumbe umewekewa radi kizuizi. Waya wa ardhini ushuke moja kwa moja, uwe wa shaba au wa chuma.

Mpaka hapa nilikuwa tayari kumkimbilia fundi na kumwambia chuma kimeshinda. Mwalimu akanizuia tena. "Kutu je?"

Hiyo ndiyo sababu ya mikebe. Mwezi wa Mei nilijaza udongo wa mtoni katika mikebe minne, nikachanganya na chumvi kidogo na jivu la jikoni ili mambo yaende haraka. Katika mkebe wa kwanza nilizika kipande cha waya wa shaba. Wa pili, kipande cha alumini nilichokata kwenye kifuniko cha sufuria kuukuu (mama anajua sasa, asante kwa kusoma). Wa tatu, kipande cha bati la kuezekea. Bati, kwa asiyejua, ni chuma cha pua kilichovikwa zinki. Wa nne niliweka bati lingine, lakini nimelifunga pamoja na waya wa shaba ukilizunguka. Nilimwagilia maji kila Jumamosi kama mtu aliyepanda sukuma wiki. Baada ya wiki kumi na mbili nikamwaga vyote mezani.

Shaba ilikuwa imebadilika rangi tu, nyeusi nyeusi na ukijani kidogo. Nikaifuta kwa kitambaa, ikarudi. Alumini ilinishangaza. Ilikuwa na unga mweupe na vishimo, na mahali pawili mwanga ulipita upande wa pili. Sufuria yenyewe ilikuwa imeishi jikoni miaka kumi! Sababu ni hii: alumini hujifunika ngozi nyembamba ya oksidi, na hewani ngozi hiyo ni ngao nzuri, ndiyo maana nyaya ndefu za stima juu ya nguzo ni za alumini na hazina shida. Lakini udongo wenye chumvi au jivu huila ile ngozi, na pale chini hakuna anayeona. Kwa hiyo alumini isizikwe. Inaweza kuteremka kwenye nguzo, lakini isiguse udongo.

Bati la mkebe wa tatu lilikuwa limefifia, zinki imeanza kupungua, lakini chuma chenyewe hakikuwa na kutu isipokuwa kwenye kona moja. Lile la mkebe wa nne lilikuwa kichekesho cha kusikitisha. Pale lilipogusana na shaba, zinki ilikuwa imekwisha kabisa na kutu jekundu limetapakaa. Waya wa shaba uliolizunguka ulikuwa mzima. Wenzetu wa kidato cha nne wataeleza vizuri kuliko mimi, lakini kwa kifupi, madini mawili yakigusana kwenye unyevu yanakuwa kama betri, na lile lenye hasira zaidi ndilo linaloliwa. Zinki ina hasira kuliko chuma, chuma kuliko shaba.

Jambo hili lina matokeo ambayo wengi hawayafikirii. Bati likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni hujitoa mhanga na kukilinda chuma. Sasa kuna fimbo za ardhini zinazouzwa zikiwa nyekundu, unadhani ni shaba tupu, kumbe ndani ni chuma kigumu na shaba ni koti la juu. Ni fimbo nzuri. Ndani kuna nguvu ya kupigwa nyundo, nje kuna ngozi isiyooza. Lakini koti lile likikwaruzwa na jiwe hadi chuma kikaonekana, shaba haikilindi chuma, inakimaliza haraka zaidi. Kwa hiyo koti likiwa jembamba kama karatasi ni hasara. Na fundi akiunga waya wa zinki kwenye fimbo ya shaba, kiungo kikae juu ya ardhi mahali pakavu, kipakwe grisi, kisizikwe. Mkebe wangu wa nne uko maabara kwa anayetaka kuuona.

Nilimpata fundi wangu mwezi wa Agosti, akikata matawi karibu na laini. Nilimweleza yote, omu na mikebe. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hesabu yako ni sawa. Lakini umesahau mwizi." Akanionyesha waya mpya waliokuwa wameweka sokoni wiki iliyotangulia, maana ule wa shaba uliong'aa kama pete ulikuwa umekwisha kwenda, kama nilivyotabiri. Huu ulikuwa wa chuma ndani, shaba nje, kama zile fimbo. "Huu hauuziki," akasema. "Kutenganisha shaba na chuma ni kazi kuliko faida."

Wizi wa namna hii si wa kwetu tu. Tarehe 20 Januari 2022 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, siku chache baada ya milingoti ya laini ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka na nchi kuingia gizani. Marufuku iliondolewa mwezi wa Mei mwaka huo huo.

Mwezi wa Septemba ule waya usiouzika ukakatwa.

Aliyeukata nilikaa naye dawati moja darasa la saba. Sitamtaja, na wanaomjua nawaomba wasimtaje. Alikuwa akinishinda Hisabati. Alikwenda kidato cha kwanza muhula mmoja, karo ikakosekana, akaanza kuokota vyuma. Nilimpata nyumbani kwao mkono umefungwa bandeji. Kwa muda tulizungumza juu ya mpira. Kisha akanisimulia mwenyewe. Alikata waya kwa msumeno usiku, akaushika juu na chini ili auvute, na stima ikamkamata. "Nilidhani huo wa kwenda chini hauna stima," akaniambia. "Si unaingia kwa mchanga tu?" Alitupwa chini. Vidole viwili vya mkono wa kulia havijikunji mpaka leo.

Nilipomuuliza mwalimu alinyamaza kwanza. Halafu akaeleza kwamba waya wa ardhini ukiwa mzima, stima yoyote inayovuja hupita kimya kimya hadi udongoni, na ukiugusa hupati kitu kwa sababu volti yake ni ndogo. Ukishakatwa, ncha ya juu inaweza kubaki na volti na ncha ya chini iko kwenye ardhi. Anayeshika zote mbili ndiye anakuwa waya. Sijaona hilo likiandikwa kwenye nguzo yoyote. Kuna kibandiko cha fuvu na mifupa juu kabisa, panapoelekea nyaya kubwa; chini ambako watu hugusa hakuna neno.

Na baada ya yote hayo, kile kipande alichokipata alikipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa mkono mmoja. Mnunuzi ana sumaku iliyotolewa kwenye spika kuukuu, imening'inizwa kwa uzi. Shaba halisi haivutwi na sumaku. Akaisogeza, sumaku ikanata tap! kwenye waya. "Peleka huko," akamwambia, "hiki ni chuma." Hakupata hata shilingi ya dawa.

Fundi alikuwa sahihi kwamba waya ule hauuziki, lakini alisahau kwamba mwizi hukata kwanza na kwenda kwenye sumaku baadaye. Waya wenye rangi ya shaba humwita mtu kwa macho. Kwa maoni yangu, na hapa naomba walimu wanikosoe, waya wa kushuka kwenye nguzo kama yetu uwe wa chuma kilichovikwa zinki, mnene, wa kijivu, unaoonekana kuwa ni chuma hata kwa mwezi mchanga. Hapo hakuna cha kumdanganya mtu. Sehemu iliyo chini ya ardhi ndiyo niko tayari kuigharimia shaba au koti nene la shaba, kwa kuwa huko mwizi haoni na kutu ndiyo inayotawala, mradi kiungo kikae juu, pakavu. Fundi ananipinga kidogo. Yeye anataka hata fimbo iwe ya zinki ili kusiwe na madini mawili, na ibadilishwe ikizeeka. Nikamuuliza nani atakayekumbuka kwenda kuitazama miaka ishirini baadaye. Hakunijibu, akaendelea kufunga klampu.

Kuna sehemu moja tu ambayo sitakubali mtu aniambie habari ya chuma. Mafundi wakipanda kutengeneza laini iliyozimwa, kwanza huziunganisha nyaya zote na ardhi kwa kebo laini wanazobeba kwenye gari, ili mtu akiwasha kwa makosa kituoni stima isipitie kwao. Kebo hizo ni za shaba, nyuzi nyembamba mamia zilizosokotwa, zinakunjika kama kamba ya katani. Hapo inatakiwa kitu cha kubeba mkondo mkubwa bila kuyeyuka na kufungwa na kufunguliwa kila siku bila kuvunjika. Na haziachwi nguzoni usiku.

Na ukienda kwenye barabara kuu utaona ile milingoti mirefu ya chuma. Juu kabisa kuna waya mmoja au mbili nyembamba ambazo hazina vikombe. Hizo hazipeleki stima popote; zimewekwa ili radi izipige zenyewe badala ya zile zilizo chini yake. Mara nyingi ni za chuma chenye zinki, kwa sababu kuvutwa kutoka mlingoti hadi mlingoti mamia ya mita kunahitaji nguvu, na mlingoti wenyewe wa chuma ndio waya wa kushuka. Siku hizi nyingine zimewekewa alumini nje na nyuzi za kioo ndani za kupitishia simu na intaneti.

Mwezi wa Oktoba waliweka waya wa tatu sokoni, wa kijivu, mnene kama kidole changu kidogo, na fimbo mbili badala ya moja. Sijui kama ni kwa sababu ya maneno yangu ama ni shaba iliyokwisha stoo. Nikija shuleni huutazama kila asubuhi. Jumatatu iliyopita ulikuwa bado upo, umenyooka hadi chini, na mbuzi wa mama muuza viazi amefungwa papo hapo. Nilimfungua nikamhamishia kwenye mpera ulio upande wa pili. Mama akaniita, "We kijana! Mbuzi wangu unampeleka wapi?"